Saa Kumi ya Asubuhi

Saa tatu na dakika ishirini na mbili asubuhi, mlango wa mnara ulikuwa umefungwa kwa kufuli lake la kila siku, na juu ya kitasa palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ambayo haijakauka. Fundi aliisoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

KWA SABABU ZA KIUSALAMA MNARA UTAFUNGWA KWA MUDA KUANZIA SAA 10:00 LEO HADI HALI ITAKAPORUHUSU.

Akatazama saa ya mkononi. Mpaka saa kumi zilibaki saa sita na dakika thelathini na nane. Kazi yake ilihitaji saa mbili tu, mbili na nusu kama kutu ingemletea ubishi. Akafungua kufuli, akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake bila kuutia komeo. Hakuona sababu ya kujifungia.

Nyuma yake uwanjani, askari walikuwa wanashusha vizuizi vya chuma kutoka kwenye lori. Maandamano yalikuwa yametangazwa tangu Jumatatu: watu wa kata saba walikuwa wanadai maji ya bomba, na msafara wao ungeishia hapo chini ya mnara. Fundi hakuwa na ugomvi na waandamanaji wala na polisi. Hata bomba la nyumbani kwake lilikuwa linakohoa tu. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu na Alhamisi saa ya mnara hutiwa ufunguo, kuwe na mvua, jua au serikali mpya.

Ngazi zilikuwa mia moja sitini na nne. Alizipanda kwa mapumziko matatu. Alipokuwa na miaka thelathini na sita, mwaka alioajiriwa, alizipanda bila hata moja. Juu kabisa kulikuwa na chumba cha mitambo, na katikati yake ile saa: magurudumu ya shaba, fimbo ndefu inayobembea, na mawe mawili ya chuma yanayoning'inia kwenye waya na kushuka polepole katika shimo la mnara. Jiwe moja huendesha mishale, jingine huendesha kengele. Kutia ufunguo ni kuyapandisha mawe hayo kwa mpini, mizunguko mia na kumi kila moja. Kuta nne za chumba zilikuwa na nyuso nne za saa, na kwenye uso wa mashariki kulikuwa na kidirisha cha fundi, kipana kama sinia.

Saa hiyo ilitengenezwa mbali, na walioitengeneza hawakujua kwamba itaishi mahali ambapo mshale mfupi ukiwa kwenye kumi watu husema ni saa nne. Miaka mingi kengele ilipiga kumi na watu wakasema nne, na wageni wakachanganyikiwa. Fundi aliyekuwepo kabla yake aliukata mzizi wa fitina: alilisogeza gurudumu la kuhesabia kwa saa sita. Tangu hapo uso unaonyesha kumi, kengele inapiga nne, na kila mtu anaridhika kwa njia yake.

Alipomaliza jiwe la kwanza alikwenda kwenye kidirisha. Upande wa pili wa uwanja, mita kama mia na themanini, lilisimama jengo la ghorofa nne lenye mlango wa buluu. Ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka kushoto, pazia la kijani lilikuwa limevutwa pembeni. Doa jeupe dirishani lilikuwa kitambaa cha kichwani cha mke wake.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mbili, na hata sasa Fundi alimwita Mwalimu. Miezi minane iliyopita alipata kiharusi. Mguu wa kulia ulibaki mzito, na maneno yote yakamtoka kichwani isipokuwa saa. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Mtaalamu aliyekuja kumfundisha kusema upya alisema tu kwamba mambo kama hayo hutokea. Mwalimu alisikia na kuelewa kila kitu, lakini akifungua kinywa zilitoka saa. Maji yalikuwa saa nne. Chumvi ilikuwa saa tisa. Jirani wa chini, ambaye huja kumchungulia mchana, alikuwa saa saba kasorobo, na alilipokea jina hilo kwa moyo mkunjufu. Fundi mwenyewe alikuwa saa mbili.

"Kwa nini saa mbili?" alimuuliza siku moja.

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini *a* inaitwa *a*. "Saa mbili," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Kila jioni walifanya mazoezi kwa saa ya mbao ya darasani, duara jeupe lenye mishale ya kuzungusha kwa kidole. Fundi aliuliza, yeye alijibu. Lakini hakukubali kuanza mpaka mishale yote miwili iwekwe juu, saa sita kamili. Hiyo ilikuwa sheria yake ya darasani: mishale ikikutana juu, maana yake keti, nyamaza, tazama mbele. Watoto arobaini na tano walikuwa wakikaa kimya bila yeye kupaza sauti. Na Fundi, ambaye hakuwahi kumtii mkuu wake hata mmoja bila kunung'unika, naye aliitii.

Saa nne ilipokaribia alijiziba masikio kwa pamba, maana alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwenye kengele akipaka mafuta. Kengele ikapiga nne. Sakafu ikatetemeka miguuni. Aliziacha pamba masikioni, akaendelea na jiwe la pili.

Inspekta wa polisi alieleza baadaye kwamba alifika mlangoni saa nne kamili, akakuta kufuli limefunguliwa, akaingiza kichwa na kuita, "Kuna mtu humo?" mara mbili. Hakujibiwa. Akapitisha mnyororo wa polisi kwenye vishikio, akaufunga, akaweka lakiri, akatia ufunguo mfukoni na kuondoka kwenda upande wa pili wa uwanja.

Saa tano na dakika ishirini na tano Fundi alishuka na mkoba wake wa vifaa, akasukuma mlango, mlango ukasogea upana wa kidole na kugoma. Nje kulikuwa na kishindo cha watu wengi. Akapiga mlango kwa kiganja.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa ya mtu mzima, kavu, karibu kabisa.

"Fundi saa. Nifungulie."

"Yesu na Maria! Umeingiaje humo?"

"Kwa mlango. Wewe ni nani?"

"Koplo. Mzee wangu, mnara huu umefungwa."

"Naona. Tangazo limesema saa kumi. Sasa hivi ni saa tano na nusu kasoro dakika tano."

Kupitia ufa Fundi aliona jicho moja na kipande cha kofia ya chuma.

"Tangazo limesema kumi," Koplo alisema polepole, "yaani saa nne. Kumi ya kwenye saa."

"Imeandikwa *saa* kumi. Kwa Kiswahili. Mtu akiandika Kiswahili na kusema saa kumi, ni alasiri."

"Wameandika kumi, nukta mbili, sifuri sifuri. Hiyo ni lugha ya makao makuu."

"Makao makuu hawana saa?"

"Wanazo, mzee wangu, ila wanazisoma kwa macho tu." Koplo akakohoa, na Fundi akahisi kwamba alikuwa anaficha kicheko. "Na wewe mwenyewe si ndiye mtu wa saa? Watu wote wakosee, wewe ukosee?"

Jambo lilikuwa la kweli na halikuhitaji kuongezewa kitu.

"Fungua," akasema. "Naishi hapo ng'ambo tu."

"Ufunguo anao Inspekta, yuko lango la kusini. Hata angekuwa hapa asingefungua. Mgongoni kwangu kuna watu elfu kadhaa, wameshona uwanja wote. Mlango huu ukiachama, vijana mia mbili watapanda huko juu na mabango, na mmoja akianguka ni mimi nitakayeandika maelezo. Amri ni mpaka jioni, uwanja ukishakuwa mweupe."

"Nina mgonjwa nyumbani."

Sauti ya Koplo ikabadilika. "Nani?"

"Mke wangu. Akiona sijarudi atateremka ngazi kunifuata. Mguu wake mmoja haufanyi kazi, na mlango wetu unafunguka moja kwa moja kwenye huo umati."

"Mpigie simu."

"Nimemwachia yeye simu. Mpigie wewe kwa yako."

"Mtandao umelala tangu asubuhi. Nami nina mtoto shuleni, sijui kama amefika." Akavuta pumzi. "Mlango upi?"

"Wa buluu. Ghorofa ya tatu."

"Siwezi kuacha lindo. Nikipata mtu wa kumtuma nitamtuma. Sikuahidi lakini."

"Sawa. Usiahidi."

Alizipanda tena ngazi mia moja sitini na nne, safari hii kwa mapumziko matano. Juu, akakaa kwenye kigoda chake na kupanga mambo kama alivyoyajua.

Kwanza: kwa miezi minane alikuwa anarudi nyumbani kabla ya saa saba na nusu, siku zote za mnara. Pili: siku moja tu, mwezi wa tatu wa ugonjwa, waya wa jiwe ulikatika akachelewa dakika ishirini. Mwalimu aliteremka kumtafuta, ameketi, ngazi moja baada ya nyingine, na majirani walimkuta kwenye kituo cha ghorofa ya pili, kiwiko kimechubuka, akisema "saa mbili, saa mbili" kwa kila aliyepita. Tatu: jirani wa chini alikuwa ameingia maandamanoni, alimwona asubuhi akitoka na ndoo tupu kichwani. Nne: kati ya ngazi ya mwisho ya jengo lile na umati hapakuwa na hata hatua mbili.

Akatazama kupitia kidirisha. Mbele ya mlango wa buluu watu walikuwa wamesimama bega kwa bega, wameupa mlango kisogo. Doa jeupe lilikuwa bado dirishani.

Alitoa mkono nje na kupunga kitambaa cha mafuta. Alipunga dakika mbili nzima. Doa halikusogea. Macho ya Mwalimu yaliweza kusoma uso wa saa wenye upana wa mita tatu. Kitambaa cha mkono yasingeweza, na Fundi alilijua hilo kabla ya kupunga.

Kitu pekee ambacho mke wake aliweza kukisoma kutoka pale kilikuwa saa yenyewe.

Wazo hilo lilimjia saa sita na nusu, na kwa dakika hamsini hakulifanyia kazi. Katika miaka thelathini na moja mishale ya mnara haikuwahi kusema uongo kwa mkono wake. Iliwahi kuchelewa, iliwahi kusimama wakati wa tetemeko dogo, lakini uongo, hapana. Mji mzima ulifungua maduka na kuwatoa watoto shule kwa neno lake. Alijiambia kwamba Koplo huenda amepata mtu wa kutuma. Alikula kipande cha mkate kilichobaki mkobani. Kengele ikapiga saba.

Saa saba na dakika kumi na nane doa jeupe liliinuka. Saa saba na dakika kumi na tisa halikuwepo tena dirishani.

Fundi hakukumbuka baadaye kwamba alisimama. Alikumbuka spana mkononi. Akailegeza nati ya shaba inayoshika mishale, akainua wenzo wa kengele ili isipige ovyo, akaanza kuzungusha. Mishale ya nyuso zote nne ikarudi nyuma mbele ya macho ya uwanja mzima: saa saba na ishirini, saa saba, saa saba kasorobo. Ilipokutana juu, saa sita kamili, akaishika hapo.

Keti. Nyamaza. Tazama mbele.

Lakini Mwalimu hakuwa anatazama. Alikuwa ameshaondoka dirishani, anaelekea mlango wa nyumba yao pale juu kwa mguu mmoja na ukuta, na kwa hesabu ya Fundi alihitaji dakika saba kuufikia mlango na kuufungua. Tatu zilikuwa zimekwisha.

Kumwita kulihitaji sauti. Kengele ilikuwepo, lakini kengele kwenye uwanja uliojaa watu na askari, nje ya wakati wake, si mchezo. Mtu angeweza kudhani ni ishara ya kitu fulani. Aliliona hilo waziwazi, akalipima. Akaona pia jambo jingine: katika miaka thelathini na minane ya ndoa, Mwalimu hakuwahi hata mara moja kusikia jibu lisilo sahihi na kupita bila kugeuka. Hata redio aliisahihisha.

Akauachia wenzo. Gurudumu la kuhesabia lilikuwa limeshapiga saba. Zamu ilikuwa ya nane. Saa saba na dakika ishirini na tatu, mishale ikisema saa sita, kengele ya mnara ilipiga nane.

Uwanja ukanyamaza. Kupitia kidirisha aliona ngao zikiinuliwa, safu nzima kwa pamoja, na watu wa mbele wakirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyekimbia. Pigo la mwisho lilipokwisha, palikuwa na ukimya wa sekunde nne au tano. Kisha mtu mmoja aliyesimama juu ya gari lenye vipaza sauti akainua kichwa, akatazama juu, akatazama saa yake ya mkononi.

"Jamani!" akapaza sauti. "Hata saa imegoma!"

Kicheko kilianza karibu na gari na kuenea mpaka kwenye vizuizi. Ngao moja ikashuka, kisha ya pili, kisha zote.

Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa buluu. Saa saba na dakika ishirini na saba ulikuwa umefungwa. Ishirini na nane, umefungwa. Jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akazidisha uchafu. Saa saba na nusu pazia la kijani lilitikisika. Doa jeupe likarudi dirishani na kukaa mahali pake.

Aliketi sakafuni kwa muda. Kisha akafikiri kwamba darasa haliwezi kuambiwa "keti" na kuachwa hivyo hivyo. Mtoto ataanza kutapatapa. Akasimama, akainua tena wenzo wa kengele, akazungusha mishale, mpaka mfupi ukafika kwenye nane na mrefu ukasimama juu.

Saa mbili.

Alihesabu sekunde sabini. Dirishani, kando ya doa jeupe, kikainuliwa kitu cha duara, cheupe, kikubwa kuliko kichwa cha mtu. Saa ya mbao. Kwa umbali ule hakuweza kusoma mishale yake. Aliona duara tu, likiwa limeshikiliwa juu kwa mkono mmoja, likitikisika kwa uzito.

Fundi akasema peke yake, ndani ya chumba cha mitambo, "Ndiyo, Mwalimu."

Tangu hapo hadi jioni alimpa mazoezi. Aliweka saa tatu, duara likashuka, likainuka. Aliweka saa tisa na robo. Aliweka saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, swali ambalo wiki iliyopita lilimtatiza, na duara lilichukua dakika tatu kuinuka. Alimpa maswali ishirini na matatu. Duara liliinuka mara ishirini na moja. Mara mbili halikuinuka. Huenda alisinzia, huenda alikwenda kunywa maji. Baada ya kila moja ya mara hizo mbili Fundi alirudisha mishale saa sita, akangoja, na doa likarudi.

Chini, hotuba ziliendelea. Watu waliizoea saa ile ya ajabu upesi. Msemaji mmoja aliahidi kumaliza kwa dakika tano, akatazama juu, akasema kwamba kwa saa hii ana mpaka kesho. Saa kumi za alasiri, saa kumi halisi, viongozi wa maandamano walikabidhi barua yao kwa mtu mwenye suti, na umati ukaanza kupungua kuanzia pembeni. Saa kumi na moja na nusu uwanjani walibaki wafagiaji na njiwa.

Saa kumi na moja na dakika hamsini Fundi alifunga mazoezi. Aliweka mishale juu, saa sita, akaiacha hapo dakika moja. Kisha akairudisha kwenye wakati wa kweli kwa kufuata saa yake ya mkononi, akalitembeza gurudumu la kuhesabia taratibu mpaka likae mahali pake huku nyundo ya kengele ameifunga kwa kamba, kisha akaifungua kamba. Akafungua daftari la mnara, akaandika:

*Alhamisi. Mawe yote mawili yamepandishwa. Mishale imesogezwa kwa mkono kuanzia saa saba na dakika 20 hadi saa kumi na moja na dakika 50. Kengele imepigwa mara nane nje ya wakati. Sababu:*

Kalamu ilisimama. Kwa miaka yote hiyo sababu zilikuwa baridi, kutu, vumbi, popo. Baada ya dakika nne akaandika: *mke wangu*. Akaweka sahihi.

Saa kumi na mbili kengele ilipiga kumi na mbili. Dakika tano baadaye mnyororo ulilia mlangoni. Inspekta alikuwa mwanamke mrefu, vumbi hadi kwenye kope, na nyuma yake alisimama Koplo, ambaye alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Mzee, shikamoo. Samahani sana," alisema Inspekta. "Niliita."

"Marahaba. Nilikuwa na pamba masikioni."

"Lakini tangazo lilikuwa wazi. Saa kumi ya asubuhi."

"Saa kumi ya asubuhi ni alfajiri, mwanangu. Wakati huo hata wewe ulikuwa umelala."

Inspekta akaitazama karatasi pale kwenye kitasa, kisha akaibandua, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. "Na ile kengele?"

"Nimeiandika kwenye daftari."

"Kengele ile imenizeesha, mzee wangu," alisema Koplo. "Nilifikiri ndio mwisho wangu, na nusu saa nzima nilikuwa nimebanwa na mkojo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Sikupata mtu wa kutuma. Nilijaribu watatu, hakuna aliyeweza kupita."

"Hukuahidi," alisema Fundi, akampa mkono.

Alivuka uwanja. Alikanyaga mabango yaliyolowa na ndoo moja iliyopasuka. Mlango wa buluu ulikuwa na alama za migongo ya watu, vumbi tupu, lakini kitasa kilikuwa kizima. Ngazi zilikuwa hamsini na mbili. Hakupumzika.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake dirishani, saa ya mbao mapajani. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeishika juu mara ishirini na mbili, ulikuwa umelala juu yake. Fimbo yake ilikuwa imelala sakafuni karibu na mlango, pale ilipomwanguka alipogeuka. Fundi aliiokota, akaisimamisha ukutani. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana.

"Nilifungiwa," akasema. "Nilisoma vibaya."

Mwalimu akaizungusha mishale ya saa ya mbao kwa kidole, taratibu, mpaka ikasema saa saba na nusu, wakati ambao mume wake alipaswa kuwa amefika. Akaigonga mara mbili kwa ukucha. Kisha akanyoosha kidole nje, kwenye mnara, ambako mshale mrefu ulikuwa unashuka, kuelekea saa kumi na mbili na nusu. Midomo yake ilijikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena. Fundi hakumsaidia. Mtaalamu alikuwa amemkataza kumsaidia.

"Ume," alisema Mwalimu. Akafumba macho, akayafumbua.

"Umechelewa saa tano."